Sindano ya Pili ya Françoise

Bunia, tarehe 12 mwezi wa pili 2006

Immaculée mdogo wangu,

Nakuamkia wewe na Osée wako, na mama mkwe wako, na ng'ombe wenu wote, wenye majina na wasio na majina. Sisi tupo. Mama anaamka vizuri, ila goti la kushoto limekataa kabisa kupigwa kanisani. Anasali akiwa amekaa, na anaona aibu mbele ya wazee wenzake. Adolphe bado yuko kule Kilo anachimba dhahabu. Kila mtu anayetoka huko tunamwuliza habari za kaka yetu, na kila mtu anasema alimwona jana, mzima, anakula vizuri.

Mji umetulia kidogo. Sokoni watu wanasalimiana hata na wale ambao miaka miwili iliyopita wasingethubutu kusogeleana. Ila salamu ni fupi, na kila mmoja anaangalia njia ya kurudi kwake.

Sasa nikuulize. Tumbo lako nimelisikia kwa Isidore wa maziwa. Ni sawa kweli? Mimi ndiye yaya wako, dada yako mkubwa, halafu habari ya mimba naletewa na mtu wa mabidoni ya maziwa! Nimefurahi mpaka nikalia, lakini nimenuna pia, ujue hivyo.

Unajua bado nasaidia timu ya chanjo hapa kartie, mtaani kwetu. Naandika majina ya wanawake kwenye daftari, napita nyumba kwa nyumba, natukanwa. Ile sindano uliyochomwa mwezi wa nane mwaka jana, ulipokuja kutuona, ni ya kwanza tu. Kuna ya pili, na baada ya miezi sita kuna ya tatu. Timu ya Fataki itapita mwezi wa tatu. Usiikose, hasa sasa ukiwa na tumbo.

Hapa wananifungia milango. Jirani yetu Mama Chancelle alinijibu kupitia dirishani: « Ile ya kwanza njo ya ugonjwa. Ile ya pili njo ya kufunga kizazi. Kama dawa iko ya muzuri, juu ya nini munairudilia? » Nikamwambia: « Na weye, ulikula bugali siku moja ukatosheka mupaka leo? » Akacheka sana. Mlango hakufungua.

Mimi yaya wako,
Rébecca


Fataki, tarehe 27 mwezi wa tatu 2006

Yaya Rébecca,

Pole na goti la Mama. Mwambie hapa Fataki mvua imeanza vizuri, na yule ng'ombe mwekundu aliyempenda amezaa ndama jike. Usininunie kuhusu tumbo. Mama mkwe hataki mimba itangazwe kabla haijashika, na mimi nakaa kwake, nafanya anavyotaka. Isidore nitamshughulikia.

Timu ya chanjo ilikuja Jumanne iliyopita. Walikuwa watatu, na sanduku lao la baridi. Walisimama nje ya ua, mmoja akafungua karatasi akaita kwa sauti: « Françoise! Françoise wa kwa Osée! »

Yaya, nilikuwa nachambua maharagwe. Mikono ilisimama yenyewe. Tangu tumpoteze dada yetu, miaka mitatu sasa, sijasikia mtu akimwita hivyo, kama mtu ambaye yuko nyuma ya nyumba anaanika nguo.

Nilijua jina hilo limetoka wapi. Mwezi ule wa nane jina langu halikuwa kwenye daftari la kartie yenu, ukaniambia nisimame mahali pa Françoise, kwa kuwa yeye hana kazi na sindano tena. Tulicheka kidogo. Kumbe uliandika pia kwamba amehamia Fataki kwa Osée, ili sindano ya pili imfuate. Basi imemfuata.

Mama mkwe alinishika mkono. « Usiitike. Jina ya mufu ikiitwa na mutu mwenye hamujue, ule mwenye anaitika njo anaenda naye. » Wakaita tena. Wakaita mara ya tatu, na nakwambia kweli, mara ya tatu mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Sijui ningesema nini.

Nilitoka nikawaambia hapa hakuna Françoise. Yule wa karatasi akaniangalia tumbo. « Mama, weye mwenyewe iko na mimba. Kuya tukuchome weye. » Nikasema nitawafuata kituoni. Sikuwafuata. Hapa nako wanasema ya kwanza inafungua na ya pili inafunga. Mimi siamini yote, lakini nina swali langu: kwa nini wanawake tu? Wanaume wanajikata na majembe na panga kila wiki, mbona wao hawaitwi kwa majina? Na majina yenyewe, yaya. Wewe unajua katika nchi hii orodha za majina zilifanya kazi gani wakati wa vita.

Kabla ya kuondoka waliandika kwenye mlango wetu kwa chaki: FRANÇOISE, 2, ABSENTE. Yaani hayupo. Hiyo angalau ni kweli.

Nijibu kitu kimoja. Kwa nini jina lake bado limo kwenye daftari, wakati ni wewe mwenyewe uliyetuambia ulimzika?

Immaculée


Bunia, tarehe 9 mwezi wa nne 2006

Mdogo wangu,

Mama amefurahia ndama. Anataka aitwe Asante, lakini najua mama mkwe wako ameshampa jina, kwa hiyo nimenyamaza.

Barua yako nimeisoma mara mbili nimesimama, chakula kikaungua. Wewe ulimaliza darasa la sita la sekondari! Mtu anasimama mbele yako na dawa mkononi, anakuomba, wewe unamwambia utakuja, huendi? Kwa sababu ya jina kwenye karatasi? Nimekasirika, na sitaki kukuficha.

Swali lako la wanaume ni zuri, wengine hawaniulizi hivyo vizuri. Wanaume nao wanaweza kuchanjwa. Lakini wanaanza na wanawake kwa sababu ya mtoto. Ugonjwa huu wa tetanosi, ambao vitabu vya Kiswahili vinauita pepopunda, unamwingia mtoto kwa kitovu kikikatwa na kitu kichafu. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya siku tano, sita. Halafu taya linakaza, haliwezi kufunguka, mwili unakauka wote. Nimewaona wawili tangu nianze kazi hii. Sitaki kumwona wa tatu, na hasa sitaki awe wako. Kinga anaitoa mama kwenye damu yake, na sindano moja haitoshi kuijenga. Ni kama kusiriba nyumba. Udongo wa kwanza unapasuka, kila mtu anajua, hakuna anayesema fundi anataka kuua watu kwa kuwa amerudi na udongo wa pili.

Na hao wanaosema inafunga kizazi, waulize: wewe ulichomwa mwezi wa nane, mimba hii ilitoka wapi? Watakuambia ni ile ya pili inayofunga. Wakichomwa ya pili watasema ni ya tatu. Nawajua mimi.

Nenda kituoni. Sema Immaculée. Sema jina la Osée, sema miaka yako, mwambie muuguzi akuandike upya. Na huyo Osée achukue kitambaa afute chaki hiyo.

Mambo ya daftari ni mambo ya karatasi tu, tutayazungumza siku nyingine.

Rébecca


Fataki, tarehe 21 mwezi wa tano 2006

Yaya,

Barua yako ya mwezi wa nne nimeipata juzi. Wenye bunduki waliweka barieri, wakafunga njia, Isidore alikaa na maziwa yake mpaka yakaganda, akarudi nayo. Sasa wameiondoa. Hakuna anayejua ni kwa nini waliiweka, wala kwa nini wameiondoa. Sisi ni wazima. Ndama anaitwa Divine, ulikisia sawasawa.

Osée alifuta chaki siku ile ile walipoiandika, kwa kitambaa chenye maji. Mlango ulipokauka, maandishi yakaonekana tena. Akafuta kwa sabuni, yakarudi. Mwishoni akakwangua kwa panga, na sasa ni vibaya zaidi, kwa kuwa mbao zimeachwa nyeupe pale pale herufi zilipokuwa. Mtu akiingia uani analisoma jina hata kama hataki.

Watu wamepungua kuja. Wanaokuja wanasimama karibu na njia. Wiki iliyopita kisimani mwanamke mmoja aliniuliza: « Dada yako alifika siku gani? » Nikamwuliza dada gani. Akasema yule mnayekaa naye, anayekuwa uani mchana. Nilifikiri ananitania. Halafu jana, jua likiwa kali kabisa, Kavira mke wa yule mfanyabiashara wa Butembo alipita akanisalimia vizuri, kisha akainamisha kichwa akamsalimia mtu nyuma yangu. Yaya, nyuma yangu kulikuwa na kamba ya nguo tu. Kavira hana maneno ya ovyo, wala haogopi sindano, yeye alichomwa ya pili siku ile na yuko salama. Nilimwuliza amemsalimia nani. Akanitazama, akasema samahani, akaenda zake haraka.

Mama mkwe sasa akigawa chakula anahesabu vibaya. Sahani moja inazidi.

Nilikwenda mpaka karibu na kituo, usidhani sikuenda. Niliona foleni na yule mtu wa karatasi, nikasikia anasoma majina. Nikarudi. Wakiniuliza cheti cha ya kwanza, nitatoa kilichoandikwa Françoise. Kuzaa nako hivyo hivyo. Nizae kwa jina la nani? Mama mkwe amezalisha wanawake wengi, nitazalia kwake nyumbani. Na nikuambie ninavyosikia kweli: ile sindano ya kwanza ni yake. Mimi nilimpa mkono tu. Ya pili nikiichukua, sijui atakayeondoka nayo ni nani.

Usinicheke. Naogopa, lakini kuna kitu kingine kinanitia aibu kuliko woga. Walipomwita, nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi kwamba kuna watu bado wanamtafuta.

Niambie, yaya. Ulimwona kwa macho yako?

Immaculée

(Hapo juu nimefuta. Nilianza kuandika jina kwa F.)


Bunia, tarehe 6 mwezi wa sita 2006

Immaculée,

Mama ni mzima. Barua hii nampa Serge dereva, kwa kuwa nimeambiwa anapita Fataki kesho kutwa. Sina salamu nyingine, nisamehe, nikianza na salamu sitafika.

Sikumwona.

Mwezi wa tano ule, Françoise alitoka kumtafutia Mama chumvi. Nyumba ya tatu tu kutoka kwetu. Wakaanza kupiga risasi. Walipiga siku tatu, na tulikaa chini ya kitanda, wewe ulikuwa umeshaolewa huko. Walipotulia nilitoka kumtafuta. Nilipita njia yote mpaka karibu na uwanja wa ndege, niligeuza nyuso za watu, mdogo wangu, niligeuza nyingi. Yeye hakuwepo. Niliporudi, Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisimama pale wiki nzima, hakula, kila aliyepita alimwuliza. Nikaona atakufa amesimama. Basi nikamwambia nimemkuta na tumemzika. Kaburi lile mnaloliwekea maua, ndani kuna kitenge chake na udongo.

Mama akalia, akalala, akala. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Ndiyo maana sijawahi kumtoa kwenye daftari lolote. La misaada, la kanisa, la chanjo. Kila mwaka wakileta daftari jipya, namwandika upya kwa mkono wangu, na miaka yake namwongezea. Kuandika kwamba amekufa siwezi. Nimejaribu.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Hakuna mfu anayekuita. Ni mimi niliyekuwa naita. Ile karatasi iliyosomwa nje ya ua wenu ni maandishi yangu. Nenda ukachomwe, nenda leo hii ukipata barua hii, hata kama zimebaki siku chache. Na uzalie kituoni. Ikishindikana kabisa, kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kifungwe kwa uzi uliochemshwa, na kisipakwe kitu. Usimruhusu mama mkwe akipake kitu chochote.

Rébecca


Fataki, tarehe 23 mwezi wa sita 2006

Yaya yangu,

Umekuwa mama mkubwa! Amezaliwa tarehe 15, alfajiri, msichana, nywele nyingi mpaka kwenye masikio. Osée anatembea kama chifu. Mama mkwe alimzalisha vizuri sana, alikata kitovu kwa kisu chake kile cha siku zote, akakipaka samli ya ng'ombe mwekundu, na akampa jina yeye mwenyewe kabla sijaulizwa. Amemwita Françoise. Anasema sasa sahani zimetosha.

Serge alipita hapa wiki mbili zilizopita bila kusimama, watu walimwona. Kama ulimpa barua, ameipeleka mbele.

Mtoto alinyonya vizuri sana siku sita. Alikuwa na nguvu, alinivuta mpaka nikapiga kelele. Tangu juzi ananyonya kidogo. Jana hakunyonya. Mdomo haufunguki vizuri. Lakini anacheka, yaya. Ungemwona. Midomo imevutika pande zote mbili na macho yamekazwa, anacheka mchana kutwa bila sauti. Mama mkwe anasema mtoto wa siku nane hajui kucheka, kwa hiyo si yeye anayecheka. Anasema Françoise amefurahi kurudi kwa watu wake. Amekaa naye jikoni, anamwongelesha mambo ya zamani.

Hapendi kelele. Mlango ukigonga, mgongo wake unajikunja nyuma, na ngumi zinakaza. Osée akikohoa, vile vile. Kwa hiyo tunatembea kwa ncha za vidole, na nyumbani hakuna anayesema kwa sauti tangu jana asubuhi. Hata ng'ombe tumewahamisha. Huwezi kuamini jinsi nyumba hii ilivyo kimya.

Usiniandikie unachofikiri. Barua yako ya mwezi wa nne ninayo, nimeisoma tena leo, najua ulichokiandika. Huyu ni mwingine. Wale uliowaona wewe hukusema kwamba walikuwa wanacheka.

Isidore amefika anapiga honi, nimemtuma Osée akimbie akamkataze. Naikunja barua hivi hivi.

I.


Bunia, tarehe 1 mwezi wa saba 2006

Immaculée,

Nimeipata jana. Isidore alinipa barua akiangalia bidoni, nikajua kabla ya kuifungua.

Walikuwa wanacheka, mdogo wangu. Wote wawili. Sikukuandikia kwa sababu nilifikiri ukisoma hivyo utaogopa mno.

Siku ile ya mwezi wa nane kulikuwa na mstari mtupu chini ya ukurasa. Ningekuandika hapo, Immaculée, mgeni, na miaka yako. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Badala yake nilitaka kuona jina la Françoise likiwekewa alama kwamba amepata, kama mwanamke mwingine yeyote. Nilitaka hiyo alama. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine.

Nakuja njia ikifunguka.

Rébecca


Fataki, tarehe 13 mwezi wa nane 2006

Yaya Rébecca,

Salamu kwa Mama. Usimwambie ulichoniandikia, mwache na kaburi lake.

Mtoto alikufa Jumapili, tarehe 25. Alikuwa na siku kumi. Barua ya Serge ilifika tarehe 3 mwezi wa saba. Nimekukasirikia sana, mpaka kuna siku nilitaka kuja Bunia kwa miguu nije nikupige. Nimejikasirikia mimi pia, kwa kuwa yule mtu alisema nichomwe mimi mwenyewe, na nilimsikia vizuri. Bado sijajua hasira ipi ni kubwa. Nikijua nitakuandikia. Usije kwanza, barieri imerudi.

Uani hakuna anayemwona mtu tena. Mama mkwe anagawa sahani tatu. Haniongeleshi sana.

Siku ya Alhamisi nilikwenda kituoni. Muuguzi anaitwa Baudouin, mtu mpole, amechoka. Nilisema Immaculée. Aliuliza watoto wangapi, nikasema mmoja. Akauliza yuko wapi, nikamwambia. Aliandika taratibu, hakuinua macho, kisha akanichoma mkono wa kushoto. Amesema nirudi baada ya miezi sita, na nitarudi.

Jioni yake kisimani walishajua. Nilipoinama kuchota maji nikasikia mmoja anamwambia mwenzake: « Si mumeona? Alipigwa sindano, mutoto akakufa. » Niliweka ndoo chini. Nikawaambia mtoto alikufa mwezi wa sita, na sindano ya pili nimechomwa leo, mwezi wa nane. Niliwahesabia kwa vidole. Mmoja, mwenye mimba kubwa kuliko ilivyokuwa yangu, alinionea huruma kabisa, akanishika bega. « Mama, ni ile ile tu, » akasema. « Weye utulie. » Wote wakaondoka pamoja naye. Nilirudi tena jana nikawahesabia upya. Nitaendelea kuwahesabia, hata wakinichoka.

Yaya, wewe ndiye unayeijua kazi hii, kwa hiyo nakuuliza wewe. Mkono unauma pale alipochoma. Baudouin alisema utauma siku mbili tu. Leo ni siku ya tatu, na nimeamka nikakuta umeanza kupoa. Nimeubonyeza asubuhi nzima. Niambie kama kuna namna ya kuufanya usipone upesi.

Immaculée